Ugavana si Enzi: Uhakiki wa Tafsiri ya Mkataba wa Waitangi

Miongoni mwa maswali ambayo wafasiri na watumishi wa serikali hutuletea mara kwa mara, limo hili: mamlaka ya juu ya nchi, yale yasiyo na mengine juu yake, yaitweje kwa Kiswahili? Wengine huandika enzi, wengine mamlaka, wengine utawala, na wapo wanaoyatumia maneno yote matatu katika ukurasa mmoja kwa maana ileile. Hata Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 8, inatumia neno mamlaka kwa kile walicho nacho wananchi, na inalitumia neno hilohilo kwa kile Serikali inachokipata kutoka kwao. Msomaji wa Katiba hapotei, kwa kuwa muktadha unamwongoza. Lakini si kila maandishi yana muktadha wa kumwongoza msomaji, wala si kila msomaji anamtakia mema mwenzake.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki tafsiri moja ambayo kosa lake halikubakia katika karatasi. Nayo ni tafsiri ya Kimaori ya Mkataba wa Waitangi, uliotiwa saini huko Nyuzilandi tarehe 6 Februari, 1840, baina ya wakuu wa Wamaori na mjumbe wa Malkia wa Uingereza. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, maneno yaliyozozaniwa ni yaleyale yanayotusumbua sisi. Pili, wenzetu wa nchi hiyo wamekwisha kuyachambua kwa undani mbele ya mahakama na mabaraza, hivi kwamba tunaweza kupima gharama ya istilahi iliyochaguliwa vibaya.

1. Maandishi na wafasiri wake

Mjumbe wa Malkia alikuwa Kapteni William Hobson. Aliwasili Nyuzilandi mwishoni mwa Januari, 1840, akiwa na maagizo ya kupata ridhaa ya Wamaori ili nchi yao iwe chini ya Malkia. Wakati huo Wazungu waliokuwa wakiishi huko walikuwa wapatao 2,000 tu, ilhali Wamaori walikuwa makumi ya maelfu. Mkataba uliandikwa kwanza kwa Kiingereza. Usiku wa tarehe 4 Februari ulikabidhiwa kwa mmisionari Henry Williams na mwanawe Edward ili waufasiri, na asubuhi iliyofuata ulisomwa mbele ya wakuu. Hivyo basi, maandishi yaliyokusudiwa kuamua hatima ya taifa zima yalifasiriwa kwa usiku mmoja.

Hatuwezi kusema kuwa Williams hakuijua lugha. Alikuwa ameishi nchini humo tangu mwaka 1823. Wala hatuwezi kusema kuwa maandishi ya Kimaori yalikuwa nakala ya hisani tu. Kati ya wakuu zaidi ya 500 waliotia saini au alama zao katika sehemu mbalimbali za nchi, wapatao 39 tu walitia katika nakala ya Kiingereza. Waliosalia wote waliukubali mkataba wa Kimaori. Kwa hiyo, tukiuliza wakuu walikubali nini, jibu halina budi kutafutwa katika Kimaori.

2. Ibara ya kwanza: neno kawanatanga

Katika ibara ya kwanza ya Kiingereza, wakuu wanamkabidhi Malkia, moja kwa moja na bila ya sharti, haki zote na nguvu zote za enzi juu ya nchi zao. Katika Kimaori wanamkabidhi kawanatanga. Neno hili limeundwa kutokana na kawana, ambalo ni neno gavana lililotoholewa, likaongezwa kiambishi tamati -tanga kinachounda nomino dhahania kama kinavyofanya kiambishi chetu u-. Tukilifasiri kwa muundo wake, tunapata ugavana.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuipima tofauti hiyo bila ya kwenda mbali. Katika Biblia ya Kimaori, Pilato aliitwa kawana. Katika Biblia yetu ya Kiswahili inayojulikana sana aliitwa liwali. Sasa na tujiulize: mtu wa Mombasa au wa Malindi alipolisikia neno liwali, alifahamu nini? Alifahamu mtu anayeamua kesi na kusimamia amani, na ambaye anafanya hayo kwa niaba ya mwingine. Kwa hakika, historia ya pwani inatupa ushahidi bora kuliko kamusi. Tangu mwaka 1895 Waingereza waliuendesha ukanda wa pwani ya Kenya pamoja na maliwali wake, lakini enzi juu ya ukanda huo ilihesabiwa kuwa ni ya Sultani wa Zanzibar, na hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1963. Uendeshaji ulikuwa kwa mmoja na enzi kwa mwingine, na Waingereza wenyewe ndio walioandika hivyo katika mkataba wao. Kumbe tofauti hiyo waliijua vyema walipoihitaji.

Kumwomba mtu akubali uliwali katika nchi yake, basi, si sawa na kumwomba aitoe enzi ya nchi yake. Anaweza kuliitikia ombi la kwanza kwa moyo mkunjufu, hasa akiona kuwa mabaharia na walanguzi wa kizungu wanafanya fujo wasizoweza kuadhibiwa nazo. Ombi la pili ni jambo jingine kabisa.

3. Ibara ya pili: neno rangatiratanga

Mkanganyiko unazidi tunapofika ibara ya pili. Katika Kiingereza, Malkia anawahakikishia Wamaori umiliki wa ardhi, misitu na mahali pao pa kuvulia samaki kwa muda wote watakaopenda kuvimiliki. Hiyo ni ahadi ya mali. Katika Kimaori anawahakikishia tino rangatiratanga ya ardhi yao, makao yao na taonga zao zote. Rangatira ni mkuu. Rangatiratanga ni ukuu wenyewe, yaani hali na haki ya kuamuru. Na tino huongeza maana ya ukamilifu. Hiyo si ahadi ya mali tu. Ni ahadi ya mamlaka. Tena wamisionari walikuwa wamelitumia neno rangatiratanga katika Sala ya Bwana kwa maana ya ufalme wa Mungu. Mkuu Mmaori aliyezoea sala hiyo alipousikia mkataba ukisomwa, alisikia kwamba Malkia anachukua ugavana na kwamba yeye anabakia na ufalme.

Vilevile katika ibara hiyo Kiingereza kinampa Malkia haki ya pekee ya kuuziwa ardhi kabla ya mtu mwingine yeyote. Kimaori kinatumia neno hokonga, ambalo maana yake ni kununua na kuuza, na dhana ya upekee haionekani waziwazi. Neno taonga nalo lina upana kuliko orodha ya Kiingereza, kwani linajumuisha kila chenye thamani, kiwe cha kushikika au kisichoshikika. Tutalirudia baadaye.

4. Je, palikuwa na maneno mengine?

Mhakiki mwadilifu hana budi kumtetea mfasiri kabla ya kumhukumu. Wako wanaosema kuwa Kimaori hakikuwa na neno moja la kubeba dhana hii ya sheria za Ulaya, na kwamba kuunda neno jipya kulikuwa halali, kama sisi tunavyounda kila siku. Wanaongeza kuwa baadhi ya wakuu walikwisha kufika Sydney, wakamwona gavana wa huko akiwa na askari na jela, na hivyo walijua gavana ni mtu mwenye nguvu. Hoja hizi hazikosi uzito. Aidha, mjadala wa tarehe 5 Februari unaonyesha kuwa wakuu waliujadili ukubwa wa gavana. Te Kemara alimpinga Hobson akisema kuwa hawezi kukubali gavana awe juu na yeye awe chini. Tamati Waka Nene akawasihi wenzake wampokee.

Hata hivyo, upo ushahidi mmoja unaotuzuia kumwachilia mfasiri. Tarehe 28 Oktoba, 1835, wakuu 34 wa kaskazini walitia saini tamko la uhuru wao, na mfasiri wa tamko hilo alikuwa ni Henry Williams huyohuyo. Humo, dhana ya enzi na mamlaka ya nchi ilitolewa kwa maneno kingitanga, yaani ufalme, na mana, neno la Kimaori lenye kubeba mamlaka, heshima na nguvu kwa pamoja. Basi maneno yalikuwako, na aliyeyatumia mwaka 1835 aliyaacha mwaka 1840. Wengine wamesema aliyaacha kwa sababu hakuna mkuu ambaye angekubali kuitoa mana yake kwa saini. Lakini utetezi wa namna hii ni ungamo. Kama neno sahihi lingemfanya msikilizaji akatae, na mfasiri akachagua jingine ili akubali, basi iliyopatikana haikuwa ridhaa.

Hatusemi kuwa tunaujua moyo wa Williams. Twasema kuwa kazi ya mfasiri haihukumiwi kwa moyo wake bali kwa kile ambacho msomaji aliweza kukielewa. Mkuu Nopera Panakareao, alipojadili mkataba huko Kaitaia mwezi wa Aprili, 1840, aliufafanua kwa mfano: kivuli cha ardhi ndicho kinachokwenda kwa Malkia, na ardhi yenyewe inabaki kwao. Hii ndiyo maana halisi ya maneno aliyosomewa. Baadaye, alipoona mambo yanavyokwenda, aliugeuza mfano wake akasema kuwa ardhi ndiyo iliyokwenda, na wao wamebakiwa na kivuli.

5. Gharama ya neno

Yaliyofuata yanajulikana. Hone Heke, aliyekuwa wa kwanza kutia saini pale Waitangi, aliukata mlingoti wa bendera ya Uingereza huko Kororareka mara kadhaa katika miaka ya 1844 na 1845, na vita vikazuka. Kufikia mwaka 1858 Wazungu walikuwa wamewazidi Wamaori kwa idadi. Sheria ya mwaka 1863 iliruhusu ardhi ya waliohesabiwa kuwa waasi itwaliwe na kugawiwa walowezi. Katika Waikato peke yake zilitwaliwa ekari zipatazo milioni 1.2. Mwaka 1877, katika kesi iliyoletwa na Wi Parata juu ya ardhi ambayo watu wake walikuwa wameitoa ili ijengwe shule isiyojengwa, Jaji Mkuu Prendergast aliamua kuwa mkataba huo ni batili, kwa hoja kwamba Wamaori hawakuwa na dola lenye uwezo wa kuitoa enzi.

Hapa inafaa tutazame kwetu kidogo, kwani linganisho linafundisha. Mwaka 1904 Wamaasai walifanya mapatano na Waingereza, wakahama Bonde la Ufa, sehemu yao moja ikaenda Laikipia, kwa ahadi kwamba ardhi waliyopewa itakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 yakaletwa mapatano mengine ya kuwatoa Laikipia. Walipokwenda mahakamani, kesi yao ilikwama mwaka 1913 hadi katika Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, kwa hoja kwamba mapatano hayo ni mkataba baina ya dola mbili, na mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuyaamua. Basi Mmaori alishindwa kwa kuwa hana dola, na Mmaasai alishindwa kwa kuwa analo. Hoja zinapingana, matokeo ni mamoja. Penye istilahi isiyofafanuliwa, mwenye nguvu huivuta maana aitakako.

6. Maandishi yanaposomwa upya

Kwa karibu karne moja na theluthi, maandishi ya Kiingereza ndiyo yaliyoendelea kushikwa na serikali. Mwaka 1972 mwanahistoria Ruth Ross alichapisha makala iliyoyalinganisha maandishi ya lugha zote mbili, akasisitiza kuwa mkataba waliotia saini wakuu ni ule wa Kimaori. Mwaka 1975 Bunge lilitunga sheria iliyounda Baraza la Waitangi, likapewa kazi ya kuamua maana ya mkataba kwa kuzingatia maandishi yote mawili. Na mwaka 1985 likaruhusiwa kuchunguza malalamiko tangu mwaka 1840. Mwaka 1989 msomi wa Kimaori, Hugh Kawharu, alitoa tafsiri mpya ya Kiingereza kutoka Kimaori. Hili ni jambo la kutiliwa maanani: tafsiri ilirudishwa katika lugha ya asili ili mwenye lugha hiyo aone alichokuwa amekisema kwa kweli.

Sisi tulio katika kazi ya lugha tunavutiwa hasa na uamuzi wa mwaka 1986. Baraza lilielezwa kuwa lugha ya Kimaori imo katika neno taonga, na kwa hiyo Malkia aliahidi kuilinda. Baraza likakubali. Mwaka 1987 Kimaori kikafanywa lugha rasmi na ikaundwa tume ya kukiendeleza. Tungekuwa na maandishi ya Kiingereza tu, yenye kutaja ardhi, misitu na samaki, dai hilo lingekuwa gumu mno kulithibitisha. Mwaka 2014 Baraza hilo likatamka kuwa wakuu waliotia saini Februari, 1840, hawakuitoa enzi yao. Serikali haikulikubali tamko hilo kuwa linaondoa enzi iliyopo leo, na mabishano yangalipo. Mswada uliokusudia kuziandika upya kanuni za mkataba uliwaleta maelfu ya watu barabarani mwezi wa Novemba, 2024, na ulikataliwa Bungeni tarehe 10 Aprili, 2025, kwa kura 112 dhidi ya 11.

7. Funzo kwa istilahi zetu

Kutokana na uhakiki huu, tungependa kudokeza mambo machache juu ya istilahi za Kiswahili.

Kwanza, tunapendekeza enzi litumike kwa mamlaka ya juu ya nchi yasiyo na mengine juu yake. Mamlaka litumike kwa uwezo wa kisheria ambao unaweza kugawanywa na kukasimiwa. Na utawala litumike kwa kazi ya kuendesha mambo ya kila siku. Tunajua kuwa enzi pia lina maana ya kipindi, kama katika enzi za ukoloni. Lakini lugha yenyewe imekwisha kutuonyesha njia: jina Mwenyezi limetokana na mwenye enzi, na hakuna muumini ambaye angekubali libadilishwe kuwa mwenye utawala.

Pili, neno mlowezi, litokanalo na kulowea, halisemi zaidi ya mtu aliyehamia mahali na kupazoea. Kwa hiyo istilahi dola la walowezi haina budi kuambatana na fasili: dola ambalo wageni hawakuja kutawala na kurudi kwao, bali walikuja kukaa, kuitwaa ardhi na kuwa ndio nchi. Bila ya fasili hiyo, msomaji wetu atafikiri kuwa ukoloni huisha kila mahali kama ulivyoisha Tanganyika mwaka 1961, kwa bendera kushushwa. Huko Nyuzilandi hakuna siku ya namna hiyo. Ndiyo maana mkataba wa mwaka 1840 ungali unajadiliwa kama jambo la leo.

Tatu, neno wenyeji linafaa sana kwa Wamaori, ambao hujiita tangata whenua, watu wa ardhi, na ambao ndio wenye kumkaribisha mgeni uwanjani pao. Mwenyeji wetu naye ni mzaliwa wa mahali na ni mkaribishaji kwa wakati mmoja. Lakini neno hilo halitoshelezi kila penye dhana hii ya kisheria. Tarehe 26 Mei, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliwatambua Waogiek wa Msitu wa Mau nchini Kenya kuwa ni jamii inayostahili ulinzi wa namna hiyo. Tukiwaita wenyeji tu, jirani zao watauliza kwa haki: na sisi ni wageni? Neno wazawa limekwisha kuingia katika ubishi wa kisiasa, na watu wa asili huweza kumfanya msikilizaji adhani ni watu walioachwa nyuma na wakati. Tunaleta mbele ya wasomaji istilahi wenyeji asilia, ijadiliwe. Kabla ya kupitishwa, waulizwe Waogiek wenyewe na wengine walio katika hali yao kama wanajitambua ndani yake.

Mwisho, tunawasihi wafasiri wa sheria na mikataba wafanye jaribio ambalo halikufanyika usiku ule wa Februari, 1840. Baada ya kuandika tafsiri, apewe mtu mwingine ambaye hajayaona maandishi ya awali, airudishe katika lugha ya kwanza, kisha matini mawili yalinganishwe. Endapo enzi imetoka na ugavana ukarudi, kalamu iwekwe chini hadi pande zote mbili zitakapokuwa zimeelezwa tofauti hiyo kwa mdomo. Kazi hiyo huchukua siku moja au mbili. Baraza la Waitangi limekuwa likiifanya tangu mwaka 1975, na bado halijamaliza.